Diski tambarare, za matundu au za mifereji? Kuchagua breki za gari la michezo la zamani

Nianze na kosa langu mwenyewe. Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, dogo, la viti viwili, na usukani wake ulikuwa umeanza kutetemeka kila nikikanyaga breki nikiwa na mwendo. Nikaagiza diski zenye matundu kwa kuwa zilinipendeza pichani, na pedi za mashindano kwa kuwa boksi lake lilichorwa gari la mbio. Asubuhi ya kwanza, njia panda ya kwanza, nikakanyaga na gari likaendelea kwenda. Lilisimama, ndiyo, ila lilikuwa limeshavuka mstari mweupe, nami nimeukandamiza mguu kwenye pedeli mpaka goti linauma.

Fundi wangu ni mzee wa maneno machache. Aligusa diski kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Kijana, imepoa kama mtungi hii. Pedi hizi haziamki mpaka zipate moto. Kwani wewe unakwenda mashindanoni au kazini?"

"Kazini, mzee."

"Basi umenunua viatu vya mtu mwingine."

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza achukue diski gani na pedi gani, namrudishia swali la yule mzee kwa namna nyingine: breki zako hufika joto kiasi gani? Ukishajua hilo, nusu ya vilivyomo dukani unaviacha bila kujuta.

Joto lenyewe ni hesabu

Breki haifanyi kingine ila kugeuza mwendo kuwa joto: pedi zinaibana diski inayozunguka na gurudumu, na msuguano unazaa moto. Gari la kilo 1,000 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 386. Ukilisimamisha, karibu zote zinaingia kwenye diski na pedi, na sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, inabebwa na magurudumu ya mbele kwa sababu uzito wa gari unaegemea mbele. Kama kila diski ya mbele ina kilo 4 za chuma, kusimama mara moja kunaipandisha joto kwa nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Ukisimama mara tano mfululizo bila kuipa nafasi ya kupoa, umeshapita nyuzi 300. Na ukianzia kilomita 160 badala ya 100, kila kusimama kunaongeza karibu nyuzi 190, kwa maana nishati inakua kwa mraba wa mwendo.

Mjini hufiki huko. Unasimama, unasubiri, unaondoka, diski inapata upepo. Kwenye mteremko mrefu wenye kona, ukiendesha kwa furaha ambayo gari la namna hii linaitaka, unafika. Kwenye uwanja wa mbio unafika kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha, na hubanduki huko mpaka utoke.

Pedi kwanza

Wengi huanza na diski kwa sababu ndiyo inayoonekana kupitia kwenye ringi. Mimi nasema anza na pedi. Ukibadilisha pedi tu gari linakuwa na tabia nyingine kabisa mguuni. Ukibadilisha diski tambarare kwa diski ya mifereji ukaacha pedi zilezile, huenda usihisi kitu.

Pedi za ogani zimetengenezwa kwa nyuzi, mpira na grafiti vilivyoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Zinashika vizuri zikiwa baridi, hazipigi kelele, na hazili diski. Ubaya wake ni kwamba joto likipanda ile gundi inaanza kuungua, nguvu inapungua, na unakanyaga zaidi kupata kilekile. Halafu huisha upesi. Kwa gari linalotoka Jumapili kwa mwendo wa starehe, linalorudi bandani likiwa safi, sioni kwa nini ulipie zaidi ya hapo.

Weka pembeni yake pedi za nusu chuma. Hizi zina nyuzi na unga wa chuma ndani. Zinavumilia joto zaidi, na pedeli inakuwa ngumu, inayokupa habari: unajua kabisa umebakiza kiasi gani kabla tairi halijaburuzika. Gari la zamani lisilo na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, linahitaji habari hiyo kuliko gari lolote jingine. Unachotoa ni kelele kidogo asubuhi, diski inayolika haraka, na vumbi jeusi. Vumbi hilo si suala la urembo tu. Lina chembe za chuma zinazoshika kutu juu ya rangi ya ringi, na usipoziosha zinaiharibu.

Pedi za kauri ndizo zinazosifiwa sana, na kwa gari la familia sifa hizo ni za haki. Vumbi lake ni jepesi na halionekani, ni kimya, na huishi muda mrefu. Lakini nimeendesha gari la rafiki lenye pedi hizo kwenye mteremko na sikuzipenda. Zilisimamisha gari bila shida yoyote, ila mguu haukuambiwa kitu, kama unamsalimia mtu aliyevaa glavu. Huo ni mwonjo wangu. Mwingine anayechoka kufuta ringi atachukua kauri na atakuwa na sababu.

Pedi za mashindano nimeshazisema. Zinafanya kazi kwenye joto ambalo pedi ya ogani ingekuwa inatoa moshi, zinachimba diski, zinalia kama lango lisilopakwa mafuta, na zikiwa baridi baadhi yake ni dhaifu kuliko pedi za kawaida zilizotoka na gari. Anayekwenda uwanjani mara mbili kwa mwaka ni heri awe na seti mbili na azibadilishe usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwenye magari mengi haya ni kazi ya saa moja kwa jeki na spana mbili.

Sasa, ukiwa dukani, itoe pedi kwenye boksi uiangalie ubavuni. Pedi nyingi zinazofuata utaratibu wa Marekani zina namba ndefu inayoishia na herufi mbili: EE, FF, GF na kadhalika. Herufi ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa haijapata joto sana, ya pili ni ikiwa imepata. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE, umeambiwa waziwazi kwamba ikichemka inapungua. FF kwa matumizi ya barabarani inatosha kabisa. Usizifanye herufi hizi msahafu, maana hupatikana kwa kupima kipande kidogo maabara, wala hazisemi pedi italika kwa kasi gani. Lakini zinasema zaidi kuliko picha ya gari la mbio kwenye boksi.

Ulaya wana kipimo kingine, R90: herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Pedi ya akiba yenye alama hiyo imeonyesha kwamba utendaji wake hauachani na pedi ya awali ya gari kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa mtu asiyetaka kubahatisha, huo ni mwanzo mzuri. Pedi nyingi za mashindano hazina alama hiyo.

Neno moja kwa wanaopenda vitu vya zamani kupita kiasi. Pedi za akiba zilizolala stoo tangu zama za gari lako, zikiwa bado kwenye boksi lake la asili, zinavutia machoni, lakini huenda zina asbesto. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mzima mwaka 2005. Usizifunge. Na kama hujui pedi zilizomo sasa ni za lini, usipulize vumbi kwa kompresa. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa chenye maji.

Diski: picha na ukweli

Matundu yana historia ya kweli. Pedi za zamani zilipochemka zilitoa gesi, na gesi hiyo ilikaa kati ya pedi na diski kama utando. Matundu yaliipa njia ya kutokea. Pedi za leo hazitoi gesi kwa kiasi kile, kwa hiyo sababu kubwa imekwisha, limebaki pambo. Faida iliyosalia ni wakati wa mvua, maji yanapata pa kwenda na breki inashika upesi kidogo. Hasara yake imo kwenye ile hesabu ya mwanzo: kila tundu ni chuma kilichotolewa, na chuma ndicho kinachobeba joto. Isitoshe, nyufa huanzia kwenye ukingo wa tundu. Zangu zilianza kuwa na mistari myembamba kama unywele kutoka tundu hadi tundu baada ya msimu mmoja wa kuendesha mlimani, na ufa ukigusa ukingo wa nje wa diski, diski hiyo haifai tena.

Hapa niwatendee haki wenye magari yaliyotoka kiwandani na matundu, mfano baadhi ya Porsche. Hizo zilisanifiwa hivyo tangu mwanzo, kwa ukubwa unaostahimili. Ninachokataa ni diski ya kawaida iliyotobolewa baadaye ili ipendeze.

Mifereji ni jambo jingine. Haipunguzi chuma kingi, na kila inapopita inafagia uso wa pedi, inaondoa tabaka lililoungua. Kwa anayetumia pedi za mashindano ina maana. Barabarani utasikia mvumo fulani ukikanyaga breki kwa nguvu, na pedi zitaisha mapema kidogo. Kati ya matundu na mifereji, ukinilazimisha kuchagua, nachukua mifereji bila kufikiri.

Lakini silazimiki. Diski tambarare ina chuma kingi kuliko zote mbili kwa ukubwa uleule, ni kimya, na haina mahali pa ufa kuanzia. Pesa utakazookoa ziweke kwenye mambo mawili. La kwanza ni chuma chenye kaboni nyingi, kinachotuliza mtetemo na kuvumilia kupashwa moto na kupoa mara kwa mara. La pili ni rangi ya kuzuia kutu kwenye kofia ya diski, ile sehemu ya katikati inayofungwa kwenye gari, na ndani ya mapezi, zile kuta za ndani zinazopitisha hewa. Gari la zamani hukaa bandani wiki nzima. Diski tupu hushika kutu sehemu zote ambazo pedi haizigusi, na baada ya miaka miwili inaonekana kama imeopolewa baharini.

Kuna kipimo cha kienyeji ninachokiamini: mizani. Diski mbili za gari moja, kipenyo kimoja, unene mmoja, zipime. Iliyo nyepesi sana mara nyingi ina mapezi membamba au machache ndani, yaani chuma kidogo cha kubebea joto.

Mapezi yenyewe yana ujanja wake. Kama yamenyooka, diski inafungwa upande wowote. Kama yamepinda, kuna ya kushoto na ya kulia, na yanapaswa kulala nyuma kadiri yanavyotoka katikati kuelekea ukingoni gurudumu likizunguka kwenda mbele, ili yasukume hewa nje kama feni. Watu huangalia mifereji iliyo usoni ndipo waamue upande, mifereji haikuambii. Chungulia ndani.

Na diski kubwa zaidi?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi. MX-5 za kwanza, za injini ya lita 1.6, zina diski za milimita 235 mbele na 231 nyuma. Zilipokuja za 1.8 zikawa 255 na 251. Mwenye 1.6 anaweza kuhamishia vifaa vya 1.8 na vinaingia, na wengi hufanya hivyo. Je, gari litasimama karibu zaidi? Kama breki ulizonazo tayari zinaweza kufunga magurudumu yakaburuzika, hapana. Kinachosimamisha gari ni tairi. Tairi gumu la miaka kumi halitaokolewa na diski ya ukubwa wowote, na hapo pesa ni bora ziende kwenye tairi.

Unachopata kwa diski kubwa ni uvumilivu: chuma zaidi, joto linapanda polepole, kusimama kwa kumi kunafanana na kwa kwanza. Kwa mtu wa mlimani au uwanjani hilo ni kubwa. Ila usifanye mbele peke yake kwa mkupuo mkubwa, maana magurudumu ya mbele yatafunga mapema ilhali ya nyuma hayajafanya kazi yake. Na ole wako uweke pedi kali nyuma kuliko mbele. Kwenye gari fupi lenye uzito mdogo nyuma, siku ya mvua, mkia utakupita. Pedi za mbele na za nyuma zichukue za aina moja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja.

Diski nene au zenye mapezi mahali ambapo zilikuwa bapa, yaani chuma kitupu kisicho na mapezi, haziwekwi, hilo halina mjadala, kwa sababu kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski, imetengenezwa kwa unene fulani. Mwenye Datsun 240Z, yenye diski bapa mbele na ngoma (breki za zamani zinazobana kwa ndani ya kopo la chuma) nyuma, habadilishi hilo bila kubadilisha kalipa. Na huyo ana sababu nyingine ya kununua diski nzuri mara moja: diski yake imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hivyo ili kuitoa lazima ufungue beringi, uzisafishe, uweke grisi mpya na sili mpya. Hiyo si kazi unayotaka kuirudia mwakani.

Kama joto linaonekana kama hadithi za watu wa uwanjani, kumbuka diski zenyewe zilivyoingia kwenye magari ya michezo. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ilishinda mbio za Le Mans ikiwa na diski za Dunlop, wakati wapinzani walikuwa bado na ngoma zilizokuwa zikichemka. Saa 24 za kukanyaga breki ziliamua mabishano.

Pengine huhitaji diski kabisa

Diski nyingi zina unene wa mwisho uliogongwa kwenye kofia au ukingoni, ukitanguliwa na herufi MIN TH. Pima kwa maikromita, sehemu kadhaa kuzunguka, sentimita moja kutoka ukingoni. Kalipa ya kupimia ya kawaida itakudanganya kwa sababu inakaa juu ya ule mdomo ambao pedi haikuufikia. Kama bado una milimita moja juu ya kikomo na hakuna nyufa, unaweza kuweka pedi mpya peke yake, baada ya kukwangua uso wa diski kwa msasa.

Mtetemo nao husingiziwa diski iliyopinda. Mara nyingi diski haijapinda. Ama pedi zimeacha tabaka lisilo sawa juu yake, au kuna kutu kati ya diski na habu. Yangu ilikuwa kutu. Diski za matundu zilitulia wiki tatu, kisha usukani ukaanza tena. Mzee alizifungua, akaniita, akanipa brashi ya waya. Kwenye habu kulikuwa na ganda la kutu, nene kuliko karatasi ya daftari. Sehemu ya kumi ya milimita hapo inatosha kuyumbisha diski nzima, na kila inapoyumba inalambwa na pedi mahali palepale mpaka unene unatofautiana. Diski zangu za kwanza, zile nilizozitupa, huenda hazikuwa na kosa lolote.

Ukiwa umefungua, telezesha pini za kalipa kwa mkono. Zikikwama, pedi moja italika na mwenzake ibaki nene, na utaisema pedi bure. Mafuta ya breki yaliyozeeka yamefyonza unyevu. Mafuta hayo hupangwa kwa viwango vya DOT: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kipimo chake cha chini ni 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 5, licha ya namba yake, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Mipira inayopitisha mafuta ya breki ikiwa na nyufa, badilisha bila kujiuliza.

Nilichofunga mwishowe

Diski tambarare za kaboni nyingi, zilizopakwa rangi, ukubwa uleule wa kiwandani. Pedi za nusu chuma za barabarani, FF, mbele na nyuma. Habu zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Nyuma, pistoni za kalipa za MX-5, zile zinazosukuma pedi, hazirudishwi ndani kwa klempu. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya kifuniko, na ndani yake unaingiza ufunguo wa pembe sita wa milimita 4 na kuizungusha irudi. Nimeona moja iliyovunjwa na mtu mwenye nguvu na haraka.

Baada ya hapo ni kuzizoesha. Tafuta barabara ndefu isiyo na watu. Panda hadi kilomita 80 au 90 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti mpaka 20, usisimame, panda tena. Mara nane hadi kumi. Kwenye ya sita hivi nilianza kusikia harufu kama ya nywele zilizoungua, na pedeli ikalegea kidogo kisha ikakaza. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa pedi kama yanatofautiana na haya. Halafu endesha dakika kumi na tano bila kugusa breki, kadiri barabara inavyoruhusu, ili zipoe. Ukishika breki na kutulia diski ikiwa ya moto, pedi zitachapa alama yake hapohapo, na mtetemo utaanza upya.

Ukifika nyumbani usivute hendibreki, kwa kuwa kwenye gari hili inabana diski zilezile za nyuma. Acha gari kwenye gia, weka jiwe nyuma ya tairi, nenda kaoge.